Mashine Iliyokuwa Pichani

"Kivuli kwanza," niliwaambia. "Kitu baadaye."

Wanafunzi thelathini na wanane wa Kidato cha Pili, kompyuta kumi na moja, na kati ya hizo mbili zinawaka zikijisikia. Nyuma walibanana wanne wanne kwenye skrini moja wakigombea kipanya. Kwenye kila skrini kulikuwa na picha ileile: uwanja wa shule, mchana, hakuna mtu. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kuweka mbuzi.

"Fundi, mbuzi wangu anaelea," alisema Lameck kutoka nyuma.

"Anaelea kwa sababu umembandika kama stempu. Jua liko wapi?"

Lameck akageuka akaangalia dirishani.

"La kwenye picha, wewe! Si la leo!"

Darasa likacheka, na yeye mwenyewe akacheka. Nikaenda nikasimama nyuma yake. "Tazama nguzo ya bendera. Kivuli chake kimelala upande gani?"

"Kushoto."

"Kirefu?"

"Kifupi, Fundi."

"Basi na cha mbuzi kilale kushoto, kifupi. Kichore kwenye tabaka la chini, kifanye chepesi, pembeni kififie. Halafu ndiyo umshushe mbuzi juu yake. Mbuzi akikuta kivuli chake kinamsubiri, haelei tena. Kwato zizame kidogo kwenye vumbi. Umemaliza, unahifadhi. Jina la faili?"

"Jina langu, kidato, tarehe!" waliitikia wote.

"Ili?"

"Mtu asikuibie kazi yako!"

"Na kabla ya kuhifadhi?"

"Kitone!"

Hicho kitone ni changu. Nilikuwa na studio ya picha pale sokoni Ilunda miaka thelathini na moja. Nimewavalisha tai wanaume ambao hawajawahi kuishika tai. Nimewafumbua macho maharusi waliopepesa. Nimemtoa mke wa kwanza kwenye picha ya familia na kumrudisha walipopatana. Lakini kila picha niliyoigusa niliiwekea kitone cha rangi kwenye kona ya chini kushoto, kidogo kama yai la chawa. Hakuna mteja aliyewahi kukiona. Nilikiweka kwa ajili yangu, ili nikikutana na picha ile baada ya miaka kumi ukutani kwa mtu, nijue kwamba hii niliigusa, dunia haikuwa hivi.

Basi na wao kila mmoja alichagua chake. Lameck kitone chekundu. Wengine bluu, wengine viwili viwili. Salha Ntandu, binti wa miaka kumi na minne aliyekaa kompyuta ya tatu karibu na mlango, alichagua vitone vitatu vya kijani vilivyokaa kama mafiga ya jikoni. Yeye mbuzi wake alikuwa ameshasimama, anakula majani, na majani yameinama kuelekea mdomoni. Sikumfundisha hilo la majani. Alilifikiria mwenyewe.

*

Mimi ni wa darasa la saba. Nasema mapema ili mtu asije akadhani naitwa mwalimu kwa sababu nilisoma. Naitwa kwa sababu waliosoma hawakujua.

Wakubwa walinunua Mizani. Mizani ni akili ya mashine, iko huko makao makuu, nayo ndiyo inayoamua dawa ziende wapi, maharage ya shule yaende wapi, mgonjwa apelekwe wapi. Zamani alikuja mkaguzi, anafungua stoo, anahesabu, anaonja uji, anagomba. Mizani haina miguu, na wale walioinunua hawakutaka kuchosha ya kwao. Kwa hiyo kila ofisi, kila shule, kila zahanati inaipelekea picha, na Mizani inatazama picha na kuamini. Ukutani kwa kila ofisi wameandika kwa rangi ya serikali: PICHA NDIYO UKAGUZI.

Halafu wakaagiza kila shule ifundishe Stadi za Picha. Walimu wakaitwa semina ya siku tatu, wakarudi na begi na kalamu. Mkuu wa shule yetu, Mwalimu Hango, alikuja studio kwangu akasimama mlangoni kama mteja mwenye haya. "Fundi Msengi," akasema, "hawa watoto watanishinda. Hata kuwasha tu." Nikaenda siku moja. Siku ya pili mke wangu Marselina akanifungashia visheti niwape watoto, akisema mtu hafundishwi na njaa. Nikawa wa kwenda kila siku.

Salha alikuwa anakuja mpaka nyumbani kurudisha bakuli la visheti. Anakaa jikoni na Marselina, wanacheka mambo yao, nikiingia wananyamaza.

Miezi saba iliyopita Marselina alibanwa na kifua. Ilikuwa saa nne asubuhi. Gari la wagonjwa lilifika upesi, hilo siwezi kulilalamikia, lilifika kabla sijavaa viatu. Ni yale magari yasiyo na dereva. Tukapanda. Likapita mbele ya hospitali ya wilaya, geti liko wazi kabisa, naliona, na gari halikupunguza mwendo. Nikapiga kioo. Nikapiga kelele. Sauti ya kike, ya upole, ikaniambia: "Hospitali ya wilaya imejaa. Zahanati ya Mwanga ina kitanda na mashine ya oksijeni. Tutafika baada ya dakika kumi na nane." Hakuna mtu wa kumshika shati. Hakuna wa kumbembeleza. Tulifika Mwanga kwa dakika kumi na nane kamili. Kulikuwa na kitanda, meza, pazia la kijani, na nesi aliyeshika kichwa akisema, "Jamani, wamemleta tena mwingine."

Mashine haikuwepo. Haijawahi kuwepo.

Marselina alifia pale, mkono wake kwenye magoti yangu. Miaka arobaini ya ndoa.

Niliandika malalamiko, kwa mwandiko wangu huu huu. Mizani haisomi barua. Nikaenda wilayani kwa miguu, Bwana Kiwale, Afisa Taarifa, akanipa maji ya chupa na kuniambia, "Pole sana, mzee wangu. Lakini kwenye sajili mashine ipo." Akanigeuzia mgongo wa skrini, sikuona kitu.

Nikarudi darasani. Nyumbani kulikuwa kimya sana.

*

Jumanne ile Mwalimu Hango aliniletea flashi. "Bwana Kiwale anaomba watoto waziongezee mwanga hizi picha," akasema. "Sajili inafungwa Ijumaa, na picha za mwaka jana lazima zihuishwe. Ni zoezi zuri, si ndiyo? Picha halisi." Hakuniangalia. Nikadhani ana haraka.

Kengele ya uji ililia, watoto wakatoka mbio. Nilibaki nizikague picha kabla sijawapa, kama ninavyofanya siku zote. Stoo ya shule fulani. Kisima. Darasa lenye madawati mapya. Ya saba nikaifungua, na chumba kile nikakijua.

Kitanda chenye kutu mguuni. Pazia la kijani. Meza. Na kando ya kitanda, mashine ya oksijeni, nyeupe, mpira wake umekunjwa vizuri juu. Dirisha lilikuwa kushoto, na kivuli cha mashine kimelala kulia, chepesi, pembeni kimefifia. Magurudumu yamekaa kwenye saruji kwa uzito wake. Hata pazia lilikuwa limeakisiwa kwa mbali kwenye ubavu mweupe wa mashine, ukijani kidogo sana.

Nikasema kwa sauti, peke yangu mle ndani: "Safi kabisa."

Naapa nilisema hivyo. Nilisema kama mwalimu kabla sijasema kama mume.

Halafu nikasogeza kiti karibu na skrini. Nikaikuza ile picha, kona ya chini, kushoto. Kuza. Kuza tena.

Vitone vitatu vya kijani. Mafiga.

*

"Funga mlango, Fundi," alisema Mwalimu Hango nilipoingia ofisini kwake. Nilikuwa sijasema neno. Inaonekana alikuwa ananisubiri tangu asubuhi, au tangu miezi saba.

"Ulijua," nikamwambia.

"Kaa."

"Ulibeba jeneza la mke wangu begani kwako, Hango. Ulijua?"

Alivua miwani akaanza kuifuta na tai. "Ile klabu ya picha ya Jumamosi, niliyoisimamia mwenyewe, unaikumbuka? Kiwale aliniambia ni picha za maombi. Kila zahanati inaonesha inachohitaji, serikali inaona, inaleta. Ndivyo nilivyowaambia watoto, na ndivyo nilivyoamini. Yeye akazipeleka Mizani kama hali ilivyo, ili wilaya yake iongoze. Nilikuja kujua msibani kwako. Nesi wa Mwanga alikuwa anasimulia jikoni."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Hakujitetea zaidi, na hilo lilinikera kuliko kama angejitetea. Nilitaka mtu wa kugombana naye.

"Sasa nakwenda kuripoti," nikasema. "Leo hii. Ushahidi ninao kwenye flashi."

"Ushahidi wa nani?" Akageuza kompyuta yake, akafungua faili lile, akabonyeza sehemu ya historia. "Soma."

Nikasoma. *Ntandu Salha, Kidato cha Kwanza,* na tarehe ya mwaka jana. Jina la Kiwale halikuwemo. La Hango halikuwemo.

"Jina langu, kidato, tarehe," Hango akasema taratibu. "Umewafundisha vizuri, Fundi. Kiwale hakuwahi kugusa hata herufi moja, alichukua akabeba. Ukiripoti, Mizani itauliza nani kaweka mashine. Itajijibu yenyewe. Na unaijua adhabu."

Ninaijua. Aliyetengeneza picha ya uongo ya kuipelekea Mizani anafungiwa picha. Uso wake haufungui mlango wowote tena: wa hospitali, wa chumba cha mtihani, wa kituo cha basi. Kuna mtu wa Kijiji cha Msanga alifungiwa. Alikaa nje ya hospitali siku mbili na mguu uliooza, milango inafunguka kwa wengine, yeye haimwoni.

"Na nisiporipoti," nikasema, "Ijumaa picha inahuishwa, na gari linaendelea kuwapeleka Mwanga mwaka mwingine mzima."

Hango alivaa miwani yake. "Ndiyo."

*

Nilirudi chumba cha kompyuta nikakaa. Sikuzima skrini. Ni kosa langu, ningezima.

Zamu ya usafi ilikuwa ya Salha. Aliingia na fagio, akaniamkia, akainama chini ya meza za mbele, na alipoinuka akaiona.

"Hee! Fundi, hiyo si yangu?" Akaliacha fagio lianguke. "Umeiona mpaka ukijani wa pazia? Nilihangaika nao Jumamosi mbili! Lameck aliniambia hakuna atakayeuona. Nikamwambia Fundi atauona."

"Nimeuona."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nimeuona leo."

Akavuta stuli. Alikuwa na furaha, akawa anaisoma picha kama ninavyowafundisha, kuanzia kushoto kwenda kulia. "Kwa hiyo waliwaletea? Ile mashine. Mkuu alisema zahanati ikiomba kwa picha nzuri wanaletewa."

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, angechukua fagio akamaliza kufagia, akaenda nyumbani.

"Bado," nikasema.

"Mwaka mzima?" Akainamia karibu na skrini, akasoma maandishi madogo chini ya picha. "Zahanati ya Mwanga." Akasoma tena bila sauti, midomo ikisogea. Kisha akageuka polepole. "Fundi. Bibi Marselina alipelekwa wapi?"

Mimi nimezika wazazi wangu wote wawili na mke. Sijawahi kuulizwa swali gumu kama lile.

"Sikiliza, mjukuu wangu..."

"Alipelekwa wapi?"

"Mwanga."

Hakulia kwanza. Aliangalia mikono yake, akaifuta kwenye sketi kama mtu aliyeshika mafuta. Halafu akasema, kwa sauti ndogo sana, "Alinifundisha kusuka ukili," na hapo ndipo alipolia. Mimi nikaweka mkono kichwani kwake kwa sababu sikujua pengine pa kuuweka.

"Wewe hukumuua mtu," nikamwambia. "Waliokudanganya wana ofisi na maji ya chupa. Na aliyekufundisha kivuli ni mimi. Nitawaambia nimechora mimi. Mtoto huwa chini ya mwalimu wake. Mwalimu akikubali kosa, jina la mtoto linatoka. Ipo kwenye sheria yao. Mimi ni mzee, wanifungie, nitakwenda wapi mimi?"

Akapangusa pua kwa mkono wa shati.

"Lakini hukuchora wewe," akasema.

"Ndiyo, lakini..."

"Kwa hiyo utawapelekea uongo mwingine. Wenye kivuli kizuri." Alisema bila jeuri, kama anayeuliza kazi ya nyumbani. "Halafu Bwana Kiwale?"

Nikibeba mimi, Kiwale anabaki palepale, na mwakani ataleta flashi nyingine kwa fundi mwingine. Nilikuwa nimewalaani wakubwa miezi saba, na njia niliyoiona ilikuwa ya kuwasafishia picha.

*

Mama yake Salha anakamua mafuta ya alizeti karibu na barabara ya Mwanga. Nilikwenda jioni ileile, nikamweleza yote nikiwa nimesimama, maana nilijiona sistahili kiti. Alisikiliza huku mashine ya kukamua inanguruma, akaizima katikati ya maneno yangu.

"Wakimfungia, mtihani hafanyi," akasema.

"Hafanyi."

"Na akiumwa?"

"Milango haitamwona."

Alimtazama binti yake, aliyekuwa ameketi juu ya gunia la mashudu, magoti kidevuni. "Wewe unasemaje?"

"Nataka niseme nilichora mimi," Salha akasema. "Na niseme niliambiwa nini. Vyote viwili, mama. Si kimoja."

Mwanamke yule alinigeukia, na nikajua sitapenda atakachosema. "Baba Msengi, ninyi watu wazima mmemtumia huyu mtoto kama kipanya chenu. Sasa anataka kusema kweli, mnaogopa. Mtasimama naye au mtamsukuma mbele?"

"Nitasimama naye."

"Hapo hapo pichani, hiyo Mizani iwaone?"

Sikuwa nimefikiria picha. Yeye ndiye aliyeniweka kwenye njia. Barua Mizani haisomi. Maelezo chini ya picha haiyasomi. Lakini kilichomo ndani ya picha inakisoma chote, mpaka chapa ya gunia, mpaka tarehe kwenye kalenda ya ukutani.

Na mimi bado nilikuwa na kibao changu cha studio. Kile cha chaki, tunachowashikisha watoto wa mstari wa mbele kwenye picha ya darasa: jina la shule, kidato, mwaka.

*

Alhamisi tulikwenda Mwanga: mimi na kamera yangu, Salha na kibao, mama yake na mwavuli. Nesi alitufungulia bila kuuliza mengi. Alikuwa amechoka kuwapokea watu kwa mikono mitupu. "Pigeni," akasema. "Mwezi uliopita waliniletea mtoto mchanga. Nilimpeleka hospitali mwenyewe, kwa bodaboda, nimemshika kifuani. Aliwahi."

Chumba kilikuwa kilekile. Sikutazama kitanda.

Salha alipiga magoti, akaandika kwenye kibao kwa mwandiko wake wa shule:

HAPA HAPANA MASHINE YA OKSIJENI. HAIJAWAHI KUWEPO. ILE YA PICHANI NILICHORA MIMI, SALHA NTANDU. NILIAMBIWA NI PICHA YA OMBI.

Akanipa chaki. Nikaandika chini yake, herufi zangu zimepinda: NILIMFUNDISHA MIMI, MSENGI. MKE WANGU MARSELINA ALILETWA HAPA KWA PICHA ILE, AKAFA. Nafasi ikabaki kidogo. Nilitaka kuandika Kiwale, lakini mimi mwenyewe sikumsikia akiagiza. Nilimsikia tu akinipa pole.

Pikipiki ikasimama nje. Mwalimu Hango aliingia na helmeti mkononi, jasho limemtoka. Sikumwita, ila Salha alikuwa amemwomba ruhusa ya siku hiyo. Alisoma kibao chote, akanyoosha mkono, nikampa chaki. Akaandika kwa ule mwandiko wake mzuri wa ubaoni: BWANA KIWALE ALINIAGIZA, NIKAWAAGIZA WATOTO. HANGO. Akaweka chaki mezani, akatoka nje haraka.

"Njoo usimame basi!" nikamwita.

"Siwezi, Fundi. Miguu."

Tukajipanga bila yeye. Salha alisimama pale pale ilipokuwa mashine, kando ya kitanda, kibao kifuani. Mimi kushoto kwake. Nesi kulia. Kamera nilimkabidhi mama yake.

"Nibonyeze wapi?"

"Hapo juu. Kwanza tazama kama tumeingia wote."

"Mmeingia. Wewe miguu imebaki nje."

"Rudi nyuma kidogo."

"Nyuma kuna ukuta, baba."

"Basi acha miguu. Piga."

*

Ijumaa asubuhi tulikuwa ofisini kwa Hango watatu. Alifungua akaunti ya shule, akaandika neno la siri, akasogeza kiti tupite.

Picha ilikuwa mbaya. Nasema kama fundi. Imeinama upande. Uso wa Salha uko gizani kwa sababu safari hii tulipigia upande mwingine, dirisha liko nyuma yake. Mimi sina miguu. Na dirishani, nje, kinaonekana kichwa cha Mwalimu Hango, nusu uso na upara, alipokuwa anachungulia akidhani haonekani.

"Naweza kuutoa huo upara," Salha akasema. "Sekunde kumi."

Hango akacheka, kicheko kifupi cha uchungu. "Uache. Ndiyo nilipokuwa."

Mkono wangu uliwasha. Kuinyoosha kidogo tu, kumwongezea mtoto mwanga usoni, nani angekufa? Nikaukalia mkono.

"Na kitone?" Salha akauliza. "Niweke changu au chako?"

"Hakuna kitone. Hatujaigusa."

Akaikuza kona ya chini kushoto kuhakikisha, kama nilivyomzoesha. Kulikuwa na saruji, na ufa kwenye saruji. Kisha akabonyeza kutuma.

Mizani hujibu kabla hujapepesa. Imekubaliwa, au Imekataliwa, ni hayo mawili tu tangu waiwashe. Safari hii kile kiduara kikazunguka. Kikazunguka. Kengele ya uji ikalia, watoto wakapita mbio dirishani, Lameck akachungulia akafukuzwa. Salha alikuwa ameshika ukingo wa meza. Kiduara kinazunguka. Nikamfikiria Marselina, jinsi angekuwa ameshauliza mara tatu kama huyu mtoto amekunywa uji.

Ndipo maandishi yakatokea. Hango aliyasoma, akavua miwani, akayasoma tena bila miwani.

PICHA HAITOSHI. MTU ATATUMWA.

"Miaka tisa niko na hii kitu," akasema. "Sijawahi kuyaona maneno hayo."

"Ni vizuri au vibaya?" Salha aliuliza. Alikuwa ananiuliza mimi, si Hango.

Sikumdanganya. Nilimwambia sijui. Anaweza kuwa mtu wa pingu, anaweza kuwa mtu wa mashine. Anaweza kuwa ni rafiki wa Kiwale. Wanaotuma ni walewale, na mimi siwaamini hata wakiniambia leo ni Ijumaa.

"Atakuja kwa gari lile la bila dereva?"

"Labda."

"Akifika tutamwambia nini?"

"Hatutamwambia kitu. Kanywe uji."

Akaenda. Mimi nikabeba kiti kimoja kutoka ofisini kwa Hango, kile chenye mto, nikakiweka kwenye kivuli cha ukuta karibu na geti. Kipo pale mpaka sasa. Huyo mtu akifika nitampa kiti, nitampa uji, nitamwacha apumzike. Halafu nitamshika mkono, tutatembea kwa miguu yake na yangu mpaka Mwanga, akaweke kiganja chake pale kando ya kitanda, pasipo na kitu.